Siku Kumi na Mbili Bila Kilio

Nilipohamishiwa shule hii ya kutwa, kusini kidogo ya mji wa Kakamega, nilikuta fahali ana heshima kuliko mwalimu mkuu. Mimi nimezaliwa upande wa Matete, kwenye mahindi, ambako ng'ombe ni wa maziwa na wa kulima, basi. Huku fahali ana jina, ana mashabiki, na Jumamosi asubuhi anatolewa bomani kwa ngoma ya isikuti na tarumbeta ili akapigane uwanjani. Kijiji kizima humfuata, na ndani ya kijiji kizima walikuwemo watahiniwa wangu wa kidato cha nne. Jumamosi yangu ya kwanza, darasa la marudio ya biolojia lilikuwa na mimi, chaki na wasichana wawili waliokuwa na mafua.

Nilikasirika, na hasira yangu haina breki. Nikaenda kwa mwenyekiti wa kamati ya wazazi kumweleza mambo mawili matatu. Nikamkuta anampaka fahali wake mafuta mgongoni. Kumbe mwenyekiti ndiye mwenye fahali aliyeogopwa kuliko wote katika tarafa ile.

Hakuwa mtu mpole wala mwenye hekima ya kuandikwa popote. Alikuwa na sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto, alijisifu bila haya, na alivaa koti la kahawia hata jua likiwaka. Alinisikiliza huku akiendelea kupaka, kisha akasema, "Mwalimu, wewe unakujanga hapa na mdomo. Na kama mimi nikikuletea hao watoto, utawafundisha ama utawachapa?"

Nikamwambia nitawafundisha.

"Basi kuanzia wiki hii hakuna fahali anatoka mpaka watoto waingie."

Nilidhani ni majisifu yake tu. Jumamosi iliyofuata, saa moja asubuhi, alikuja na fahali wake hadi kwenye ua wa michongoma ulio chini ya uwanja wetu wa mpira, ngoma zikiwa kimya nyuma yake. Akasimama pale, akahesabu watahiniwa wakiingia darasani kama mtu anayehesabu kuku jioni. Walipotimia, akainua mkono, na ngoma hazikulia mpaka yeye na watu wake wavuke kona. Binti yake alikuwa mmoja wa waliohesabiwa. Alikuwa kidato cha pili wakati huo, lakini alikuja na wakubwa, akampungia baba yake mkono kabla ya kuingia, na tangu siku hiyo ikawa desturi yao wawili.

Kutoka hapo wazazi walishika shule kwa mikono yote. Vijana wa bodaboda waliapa kutombeba msichana mwenye sare saa za masomo, na yeyote aliyevunja kiapo alinyang'anywa nafasi yake pale stendi. Majuma ya mtihani wa taifa yalipofika, wazazi waliona wasichana wanarudi nyumbani kuchota maji na kubeba wadogo zao, vitabu vikilala. Wakasafisha chumba cha sayansi kimu, wakaleta magodoro, na kila kitongoji kikapewa siku yake ya kuja kuwapikia. Mimi, kwa kuwa ni mwanamke, nikakabidhiwa ulezi wa kulala nao. Mwaka wa kwanza walipita watatu kwenda chuo kikuu. Watatu si wengi, lakini kabla yao hakukuwa na hata mmoja, na nilipoona majina yao ubaoni nililia mbele ya watu bila aibu.

Nasema haya kwanza ili nisionekane nawalaumu watu hawa. Yaliyokuja baadaye yalifanywa na mikono ileile.

Mwaka ambao binti wa mwenyekiti alifika kidato cha nne, baba yake alikuwa na kidonda mguuni. Alikuwa na ugonjwa wa sukari kwa muda mrefu, na kidonda kilikataa kupona. Alianza kutembelea fimbo. Jumamosi za muhula wa tatu alikuja mpaka uani akichechemea, fahali akilazimika kumngoja. Binti alimtazama akiondoka mpaka apotee konani, kisha akaja darasani akakaa bila kufungua kitabu. Alitaka kusomea uuguzi, na kwa alama zake hakuwa anaota ndoto za mchana. Ila nilijua, na mwalimu yeyote angejua, kwamba msichana huyu anasoma kwa ajili ya mtu mmoja.

Juma la pili la mtihani baba alilazwa hospitalini mjini. Binti aliambiwa ameenda kusafishwa kidonda. Siku mbili hakula vizuri. Jumatano, wakati yuko ndani akifanya karatasi ya kemia, simu ya mke wa mwenyekiti ilinipata nikiwa nimesimama karibu na tangi la maji. Hakulia. Alisema tu, "Mwalimu, ametuacha," kisha akauliza mtihani unaisha siku gani.

Nikamwambia Jumatatu ya juma lile lingine. Nilihesabu baadaye. Zilikuwa siku kumi na mbili.

Kamati ilikutana alasiri hiyohiyo jikoni mwa shule, mlango umefungwa, moshi unatuuma macho. Tulikuwa watu saba: mjane, shemeji yake, wazazi wanne na mimi. Shemeji huyu alikuwa mdogo wa marehemu, mtu mkimya, na hadi leo naona ndiye aliyebebeshwa mzigo mkubwa kuliko sisi sote. Nilifika pale nikiwa nimejiandaa kusema mtoto aambiwe. Naapa nilijiandaa. Lakini mjane alisema kabla yangu.

"Alikuwa anaombanga kitu moja tu, huyu mtoto amalize. Mkimwambia leo, hataingia kesho. Mimi namjua, nimemzaa."

Mzazi mmoja akasema mwili unaweza kungoja mochari. Mwingine akasema tatizo si mwili, tatizo ni kilio. Na alikuwa na haki. Huku kwetu kifo hakifichiki. Mtu akifa wanawake hulia barabarani, ngoma huja, redio ya lugha ya nyumbani hutangaza jina lake na la ukoo wake, na mtu mwenye mafahali huletewa mafahali wa jirani bomani wamuage. Kumzuilia mtu kama yule kilio siku kumi na mbili lilikuwa jambo ambalo hakuna aliyewahi kulisikia. Mama mmoja mzee alitikisa kichwa, akasema mtu asiyeliliwa huwa bado anasikiliza. Kisha wote wakanigeukia mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikilala chumba kimoja na mtoto.

Nikasema sawa. Neno dogo kama hilo.

Nilichoogopa ni kwamba siri ingevuja kufikia kesho yake. Kilichoniogopesha zaidi ni kwamba haikuvuja. Wote walijua, kuanzia muuza mandazi hadi mchungaji, na hakuna aliyeteleza. Tangazo la redio lilizuiwa. Wanawake waliozidiwa walienda kulia nyuma ya posho mill ya kusaga mahindi, mashine ikinguruma, kisha wakafuta nyuso na kanga na kuja zamu ya kupika. Ijumaa senge wa binti, dada wa marehemu aliyeolewa Butere, alisikia habari na kupanda gari. Alishuka stendi akiwa tayari ameanza kupiga mayowe. Vijana wa bodaboda walimzunguka, wakampakia, na badala ya kupita njia ya shule wakamzungusha upande wa msitu mpaka nyumbani, mmoja akiendesha nyuma yake akipiga honi mfululizo ili mayowe yasisikike. Waliponisimulia walikuwa wanajivunia. Nami niliwashukuru, halafu nikaenda kukaa chooni peke yangu. Watu mia kadhaa walikuwa wamejifunza kumzunguka mtoto mmoja bila yeye kuona ukuta.

Siku hiyohiyo jioni, wakati wenzake wanakunywa uji, binti alinifuata. "Mwalimu, kesho Jumamosi. Baba asipopita na fahali nitajua hali ni mbaya. Sitaki mnifiche."

Nikamwambia asome. Ndilo jibu nililokuwa nalo.

Nilituma ujumbe kwa kamati. Sikuomba wafanye lolote, niliwaeleza tu alichosema. Hivyo ndivyo huwa najitetea nikiwa peke yangu, lakini nilijua vizuri nawaandikia watu gani. Watu wale ukiwaambia paa linavuja wanaleta mabati.

Jumamosi kulikuwa na ukungu uliokuwa ukitoka upande wa msitu. Saa moja kasoro nilisikia miguu ya watu wengi barabarani, bila ngoma. Nikatoka. Chini ya uwanja, nyuma ya ua wa michongoma, fahali alikuwa amesimama. Aliyeshika kamba alikuwa amevaa lile koti la kahawia na kofia imeshushwa hadi kwenye nyusi. Nyuma yake walikuwa wanaume thelathini hivi, wametulia kama walivyotulia kila Jumamosi.

Nguo za mtu huku hazivaliwi na mwingine kabla hajazikwa. Ziko siku zake, baada ya mazishi, ukoo ukikaa na kugawana. Yule mdogo wa marehemu alikuwa ndani ya koti la kaka yake aliye kwenye barafu mjini, na wanaume waliokuwa nyuma walikuwa wamesimama mbali naye kuliko ilivyo kawaida. Hata kutoka nilipokuwa niliona hakuna anayetaka kumgusa.

Binti alikuwa tayari amefika mlangoni mwa darasa. Aligeuka, akapunga mkono. Mtu wa koti akainua wake.

Kisha akageuka kuondoka, na hapo ndipo nilipoona tumekosea. Walikumbuka koti, wakakumbuka kofia, wakakumbuka saa na mahali. Hakuna aliyekumbuka mguu. Alitembea wima, hatua ndefu za mtu mwenye afya, hana hata fimbo, fahali akienda naye sambamba mpaka konani. Nilimtazama binti nikingoja apige kelele. Nilikuwa nimeshaandaa mikono ya kumdaka.

Alikuja kwangu mbio. Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka.

"Mwalimu, umeona? Baba amepona! Anatembea!"

Asubuhi ile alikula chapati tatu. Alisoma mpaka mchana bila kuinua kichwa. Karatasi zote zilizobaki alizifanya kwa moyo mweupe, na mimi nilikuwa nampitia nyuma ya dirisha nikimchungulia, nikimwonea wivu na kujichukia kwa wakati mmoja. Sijawahi kuona furaha ya mtu ikanitisha namna ile. Kila alipocheka nilitaka kumwambia apunguze.

Jumatatu iliyofuata ilikuwa zamu ya kitongoji chao kupika. Mjane angeweza kusingizia homa. Hakusingizia. Alikuja saa kumi na mbili asubuhi na wenzake wawili, wamebeba unga, maharagwe na kuku mmoja wa kuwapa nguvu watoto. Alifunga leso kichwani kama siku zote. Alisonga obusuma, ugali wa watu arobaini, akapakua, akawatania wasichana kuhusu viuno vyao vilivyonenepa kwa vyakula vya bure. Binti yake alikaa na wenzake kwenye benchi karibu na sufuria. Mimi nilishindwa kukaa. Nilizunguka ofisi nikihesabu viti ambavyo havikuhitaji kuhesabiwa.

Karatasi ya mwisho ilipokusanywa, Jumatatu ya juma lililofuata, tulimpeleka nyumbani kwa gari la mchungaji. Tulikuwa tumekubaliana pia juu ya la kumwambia. Aliambiwa baba amefariki siku hiyohiyo asubuhi, moyo umesimama ghafla. Na kwa kuwa mimi ndiye ninayejua kutumia kompyuta, ratiba ya mazishi niliichapa mimi, na tarehe ya kifo niliyoiandika chini ya picha yake ilikuwa ya uongo. Kilio kilichozuiliwa siku kumi na mbili kilitoka chote kwa mkupuo, mafahali wakaletwa, vumbi likapanda, na ndani ya vumbi hilo binti alikuwa akiwaambia waombolezaji jambo moja tena na tena: "Angalau alikuja kuniaga. Jumamosi alikuja, akanipungia mkono." Watu waliinamisha vichwa. Walidhaniwa wanaomboleza, na walikuwa wanaomboleza.

Baba mdogo hakusogea karibu na kaburi. Tangu siku ile hajashika kamba ya fahali yeyote. Fahali wa kaka yake aliuzwa Lugari.

Binti alipita. Alipata alama za juu kuliko mtahiniwa yeyote aliyewahi kukaa kwenye madawati yetu, akaenda chuo kikuu kusomea uuguzi. Kijiji kilisherehekea kana kwamba kilifanya mtihani chenyewe, na kwa kweli kilikuwa kimeufanya. Mwaka uliofuata tulimwalika siku ya maombi ya watahiniwa. Akasimama mbele, msichana mzuri, akawaambia wadogo zake kwamba shule bila wazazi ni kuta tupu. Akawaeleza jinsi baba yake, akiwa na siku tisa tu za kuishi, alivyoinuka kitandani na kuleta fahali wake uani ili yeye apate nguvu. Wazazi wote walikuwa wamekaa safu tatu za mbele. Nilikuwa nao. Kila mmoja alikuwa anatazama viatu vyake. Mwaka uliofuata tukamwalika tena, naye akarudia, na siku zote mbili nilipiga makofi.

Ubaya wa jambo hili, nilijua litafika mwisho wapi. Serikali inakopesha wanafunzi, na mfuko wa kusaidia mayatima una fomu zake, na fomu inadai cheti cha kifo cha mzazi. Mama yake alimpigia chenga miaka miwili: mara cheti kimepotea, mara ofisi imefungwa, mara atakifuata mwenyewe. Mwaka huu, mwezi wa nane, binti alikwenda kwa msajili bila kumwambia mtu.

Alinikuta ofisini saa nne asubuhi, watoto wakiwa mapumziko. Alinisalimia vizuri, "Shikamoo mwalimu," akaketi, akafungua bahasha na kukiweka cheti cha kifo mezani. Alikielekeza upande wangu ili nikisome wima. Alikuwa amepiga mstari kwa kalamu ya risasi chini ya tarehe.

"Hii ni Jumatano ya kemia," akasema.

"Ndiyo."

"Jumamosi ile nilimpungia nani?"

Nilikuwa na zaidi ya miaka miwili ya kujiandaa na swali hilo. Nilikuwa na hotuba nzima: kamati, mama yako, maombi ya baba yako, ndoto yako mwenyewe. Nikamwambia, "Baba mdogo." Nikaongeza kwamba ni mimi niliyewaandikia. Sikutaka aanze kumtafuta wa kumlaumu ilhali amekaa mbele yake.

Hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha. Alitazama nje, ambako wanawake wa zamu walikuwa wanachambua maharagwe ya watahiniwa wa mwaka huu. Nikamwambia ana haki ya kukasirika. Akasema hajakasirika kwa ajili ya Jumamosi. Jumamosi angeweza kuielewa, yeye mwenyewe ndiye aliyeiomba.

"Mwalimu, Jumatatu yake mama alitupikia," akasema. "Nilimwambia mbele ya wenzangu maharagwe hayana chumvi. Wote wakacheka. Na yeye akacheka, akaenda kuniletea chumvi."